Uzi: Taimingi za RAM zilizokubali Arusha mwezi wa saba zimenigomea Moshi mwezi wa pili

#1 · Mleta uzi

Wakuu, habari za mchana.

Nauandika uzi huu nikiwa Pasua, Moshi, kompyuta ikiwa wazi ubavu mmoja na feni ya mezani nimeielekeza ndani. Nimesoma nyuzi nyingi za kuovakloki RAM, yaani kuikimbiza kumbukumbu ya kompyuta kuliko kasi yake ya kiwandani, na karibu zote zinaishia palepale: "weka namba hizi, kwangu zimekubali." Kwangu pia zilikubali. Zilikubali Sakina, Arusha, mwezi wa saba, ule wa baridi na ukungu. Mwezi huu wa pili, hapa Moshi, zimeniharibia kazi ya mteja. Ndiyo maana nataka tuzichambue zenyewe, mtu ajue anachokibana ni nini kabla hajabana.

Nahariri video za harusi na sendofu. Mashine ni Ryzen 5 5600, mazabodi ya B450, RAM mbili za DDR4 za 8GB kila moja. Stika ya RAM imeandikwa kasi 3200, taimingi 16-18-18-38, volti 1.35. Nikiwa Arusha nilizipandisha hadi 3600 kwa 16-19-19-39, volti 1.4, na tRFC, taimingi nyingine ya RAM, nikaishusha mpaka 468. Nikapima usiku kucha, makosa sifuri. Miezi saba mashine haijawahi kuzima ghafla hata mara moja.

Nikahamia Moshi. Jumamosi ya juzi nikahamisha mafaili ya sendofu kutoka kwenye kadi ya kamera, nikaona yamefunguka, nikaifuta kadi kwa sababu jioni nilikuwa na kazi nyingine. Jumatatu nakaa kuhariri, nafika pale mama mzazi anamvisha binti yake khanga, picha inachanika vipande vya kijani kwa sekunde tatu, kisha inarudi kama hakuna kilichotokea. Nikadhani ni programu. Nikafungua faili lenyewe kwa programu nyingine: kijani palepale, sekunde ileile. Faili lilikuwa limeharibika wakati wa kunakili, yaani lilipopita kwenye RAM. Hapakuwa na skrini ya bluu wala onyo lolote. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana mashine inayozima angalau inakwambia inaumwa.

Sasa tuje kwenye namba.

Kila namba kwenye ile 16-18-18-38 ni taimingi, yaani subira. Ni idadi ya mapigo ya kloki ambayo kidhibiti cha RAM, kilichomo ndani ya prosesa, kinalazimika kuhesabu kabla ya kuchukua hatua inayofuata. Waliowahi kudamka kwenda Memorial, soko la mitumba la hapa Moshi, siku ya kufungua belo watanielewa upesi. Ndani ya chipu, data imepangwa kwa mistari, na mstari mzima ni kama belo la mitumba lenye kamba. Huwezi kuchomoa shati belo likiwa limefungwa. Kwanza kamba inakatwa na nguo zinamwagwa mezani: huo muda ndio tRCD, namba ya pili. Zikishamwagwa unaomba shati unalolitaka na unangoja likufikie mkononi: hiyo ni CL, namba ya kwanza. Ukitaka shati jingine la belo hilohilo, kamba haikuhusu tena, unangoja CL peke yake. Ila ukitaka nguo ya belo jingine linalotumia meza ileile, lazima hili lililo wazi likusanywe na kufungwa kwanza: hiyo ni tRP, namba ya tatu. Halafu tRCD ya belo jipya, halafu CL.

Meza zenyewe zinaitwa benki. Chipu ya DDR4 ya aina inayokaa kwenye RAM nyingi za nyumbani ina benki 16, ya DDR5 ina 32, na kila benki inaweza kuwa na mstari mmoja tu ulio wazi kwa wakati mmoja.

Namba ya nne, tRAS, ndiyo iliyonichukua muda kuielewa. Ni muda mfupi kabisa ambao mstari lazima ukae wazi kabla ya kuruhusiwa kufungwa. Kwa nini ulazimishwe? Kwa sababu kusoma kunamwaga. Biti moja ya RAM ni chaji kidogo ndani ya kapasita, na transista moja ndiyo mlango wake. Wazo hilo lilisajiliwa na Robert Dennard wa IBM mwaka 1968, na RAM za leo bado zinakwenda nalo. Mlango ukifunguliwa, chaji inamwagikia kwenye waya, kikuza-ishara kinatambua kama ilikuwa 1 au 0, kisha kinaijaza tena kapasita. Ukifunga mstari kabla kujaza hakujaisha, umeacha ndoo ina maji nusu, na safari ijayo atakayekuja kupima hatajua kama ni 1 au 0.

Jambo la pili ambalo nililipuuza: pigo la kloki halina urefu mmoja. Likienda kasi zaidi linakuwa fupi zaidi. DDR4 ya 3200 ina pigo la nanosekunde 0.625, ya 3600 ina 0.556. Kwa hiyo ukitaka kujua CL yako ni muda gani hasa, zidisha CL mara 2000, gawa kwa kasi ambayo RAM inakimbia nayo:

3200 CL16 ni nanosekunde 10.
3600 CL18 ni nanosekunde 10.
DDR5 6000 CL30 ni nanosekunde 10.
DDR3 1600 CL11, ile ya kompyuta za zamani, ni 13.75.

Tazameni vizuri hapo. Vizazi vitatu vya RAM, namba zimetoka 11 hadi 30, na subira halisi imepungua kidogo tu. Kilichokua ni wingi wa data inayopita kwa sekunde. Kapasita bado ni kapasita.

Nikarudi kwenye mipangilio yangu nikiwa na hesabu hiyo. CL16 kwa 3600 ni nanosekunde 8.9, wakati stika iliahidi 10. Ile tRCD niliyoitoa 18 nikaipeleka 19, nikiamini nimelegeza, kwa saa halisi ilitoka 11.25 ikawa 10.56. Nilikuwa nakaza huku nikidhani nalegeza.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie: kati ya hizi, ipi iliyoniangusha? Mimi naishuku CL. Mipangilio nimeirudisha ya stika mpaka nipate jibu.

#2 · Mdau wa Ngarenaro

Pole sana chalii angu, Arachuga tumekumisi. Mfano wa belo umeniingia kuliko video zote nilizoangalia.

Niulize la pembeni. Nimenunua RAM imeandikwa 3200, CPU-Z, ile programu ya kuonyesha vifaa vya kompyuta, inaniandikia 1066. Fundi kanipiga?

#3 · Mleta uzi

Asante mkuu. Hapana, hujapigwa. CPU-Z inaandika mapigo ya kloki, na DDR inapitisha data mara mbili kwa kila pigo. 1066 mara mbili ni 2133, kasi ya kuanzia ya DDR4, ile ambayo mazabodi nyingi huiweka zenyewe zisipoambiwa kitu. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi, uwashe XMP, ile profaili ya kasi na taimingi iliyowekwa na mtengenezaji wa RAM. Kwenye baadhi ya mazabodi za AMD utaikuta kwa jina la DOCP, na kwenye DDR5 za AMD inaitwa EXPO. Ukirudi CPU-Z isome 1600 au karibu na hapo.

Ukiwa umefungua kasha, hakikisha RAM mbili ziko sloti ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, kama mazabodi yako ina sloti nne. Zikikaa ya kwanza na ya pili, mara nyingi unabaki na chaneli moja, yaani njia moja ya data badala ya mbili, na hapo hata ukibana taimingi mwaka mzima huwezi kufidia nusu ya njia uliyoipoteza.

#4 · Mdau wa Njiro

Mkuu mleta uzi, nakuheshimu, ila kwa maoni yangu mnajisumbua. Mimi nacheza gemu, nimewasha XMP nikaondoka. Nilishawahi kubana taimingi wiki nzima, nikapata fremu chache ambazo nisingezigundua bila kipimo. Weka pesa kwenye kadi ya picha.

#5 · Mdau wa Kijenge

Wa Njiro ana hoja, ila siyo kwa kila mtu. Kama una kadi ya picha nzuri na gemu inaibana kadi, RAM haitakusaidia. Lakini anayetumia prosesa yenye picha ndani yake, zile Ryzen za herufi G, RAM ndiyo kumbukumbu yake ya picha pia. Huyo kasi ya RAM na chaneli mbili ataziona kwa macho.

Sasa nikujibu mleta uzi. Siishuku CL yako. CL ikizidi kubanwa, mara nyingi mashine hata haiwaki, mazabodi inajaribu mara mbili tatu kisha inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Kosa linalojificha miezi saba, likatokea ulipohama, lina harufu nyingine. Umeitaja mwenyewe ukaipita haraka: tRFC.

Kapasita zinavuja. Ziache bila kuziangalia na data inapotea yenyewe. Ndiyo maana kanuni za JEDEC, shirika linaloweka viwango vya RAM, zinataka kila mstari ujazwe upya ndani ya milisekunde 64. Kazi hiyo imegawanywa kwenye amri 8192, amri moja kila maikrosekunde 7.8. Kila amri ikifika, chipu inafunga shughuli zake, inajaza kundi la mistari, inafungua tena. tRFC ndiyo muda ambao duka limefungwa.

Kama RAM zako zina chipu nane kila moja, kila chipu ni gigabiti 8, na kiwango cha JEDEC kwa chipu hiyo ni nanosekunde 350. Wewe umeweka mapigo 468 kwa pigo la 0.556. Hiyo ni nanosekunde 260. Umeinyima chipu robo nzima ya muda wa kujaza.

Na joto linafanya nini? Chipu ikipata joto, kapasita zinavuja upesi zaidi. JEDEC wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana chipu ikizidi nyuzi 85 wanataka ijazwe mara mbili zaidi, kila maikrosekunde 3.9. Yako haijafika huko, lakini chipu inayofanya kazi ndani ya kiwango ina akiba ya kutosha kulibeba joto la kawaida, na wewe akiba hiyo uliishaitumia Arusha ukiwa na baridi. Ulipoteremka Moshi hukubakiwa na kitu.

Halafu pima ulichokuwa unakipata. Nanosekunde 350 kati ya kila 7,800 ni asilimia 4.5 ya muda ambao RAM imefungwa. Nanosekunde 260 ni asilimia 3.3. Ulikuwa unakimbiza asilimia moja na kidogo.

Ile 3600 yenyewe sina ugomvi nayo. Kwa Ryzen 5000 ni mahali pazuri, kwa sababu RAM inapiga 1800 na ile njia ya ndani ya prosesa, Infinity Fabric, nayo inapiga 1800, zinakwenda sambamba. Ukipanda juu ya hapo, prosesa nyingi zinafika mahali zinashindwa kwenda sambamba, na subira inarudi kuongezeka.

#6 · Mdau wa Rau

Wakuu wa Arusha hamlijui joto la huku kwetu. Mko mita 1,400 juu ya bahari, sisi tuko chini ya 1,000. Mwezi wa kwanza na wa pili chumba changu saa nane mchana hakikaliki.

Ongezea na hili: usiku wa kupima, kadi ya picha ilikuwa imelala. Mchana wa kazi inachakata video na inapuliza hewa ya moto ndani ya kasha. RAM iko njiani hapo. Kipimo cha usiku hakijawahi kuona mazingira ya kazi yako.

#7 · Mleta uzi

Wakuu, mmenifungua macho. Ni kweli, nilipima usiku, dirisha wazi, kadi ya picha haina kazi. Nakwenda kupima upya saa za joto. Nipeni siku tatu.

#8 · Mdau wa Majengo

Shikamooni wakubwa. Mimi nina ile kompyuta ya ofisi ya mtumba, ndogo, ya kampuni kubwa. Nimetafuta taimingi kwenye BIOS sijaziona kabisa.

#9 · Mdau wa Kijenge

Marahaba. Hutaziona mdogo wangu, mashine za ofisi za namna hiyo kwa kawaida zimefungwa. Angalia kama ina RAM moja. Kama ni moja, ongeza ya pili inayofanana nayo. Utapata faida kubwa kuliko hii yote tunayoijadili.

#10 · Mleta uzi

Nimerudi, na majibu ninayo.

Kwanza nilinakili kila kitu cha thamani kwenye diski ya nje na kuichomoa. Nawasihi mfanye hivyo kabla ya kugusa taimingi yoyote. RAM yenye makosa haiishii kwenye programu iliyo wazi, inaandika uharibifu kwenye diski, hata kwenye mafaili ya mfumo.

Nimepima kwa namna mbili: MemTest86 kutoka kwenye flashi, kisha TestMem5 ndani ya Windows huku kadi ya picha ikichakata video. Zote saa saba hadi saa kumi jioni. RAM zangu zina kipimajoto ndani, siyo RAM zote za DDR4 zinacho.

3600, 16-19-19-39, tRFC 468 ileile ya Arusha. MemTest86 ilipita bila kosa hata moja, nikaanza kumtilia shaka mdau wa Kijenge. Kisha TestMem5 na kadi ya picha ikifanya kazi. RAM ikafika nyuzi 55. Dakika ya 38, kosa la kwanza. Dakika ya 41, mawili kwa mpigo. Nilikuwa nimekaa mbele ya skrini naangalia ile sifuri, na ilipogeuka kuwa moja niliikumbuka ile khanga.

Nikawasha feni ya mezani, ubavu wazi, namba zilezile. Nyuzi 46. Saa mbili nzima, makosa sifuri. Nikazima feni nikaacha iendelee. Nyuzi 54, na kosa likarudi.

Kisha feni ikiwa imezimwa, nikabadilisha kitu kimoja tu: tRFC kutoka 468 kwenda 540, yaani nanosekunde 300. CL sikuigusa. Nyuzi 55, saa tatu, makosa sifuri. Nikarudia kesho yake, sifuri.

Kwa hiyo mdau wa Kijenge, ulichosema ndicho. CL niliyoituhumu haikuwa na kosa.

Sijaiacha kwenye 540. Nimeipeleka 576, nanosekunde 320, kwa sababu sitaki kukaa ukingoni tena. Nimechakata video ileile ya dakika kumi kwa 468 na kwa 576, na tofauti sikuiona. Nimefunga na feni ndogo ya kasha inayopuliza juu ya RAM moja kwa moja.

Anayetaka kujaribu, abadilishe namba moja kwa wakati mmoja na aandike kwenye karatasi. Mimi Arusha nilibadilisha tano kwa mkupuo, ndiyo maana sikuwa na pa kuanzia kutafuta kosa. Umeme ukikatika katikati ya kipimo, anza upya. Na mashine ikigoma kuwaka usiogope: zima, chomoa waya, toa ile betri ya duara ya mazabodi dakika chache, rudisha. BIOS itasahau mipangilio yako na kuwaka kama mpya.

#11 · Mdau wa Ngarenaro

Nimewasha XMP mkuu, sasa inasoma 1600. Ubarikiwe.

Vipi kuhusu volti? Kuna aliyeniambia niweke 1.5 nipate CL14.

#12 · Mdau wa Kijenge

Usikimbilie huko. Kiwango cha DDR4 ni 1.2, profaili nyingi za XMP ni 1.35. Kuna chipu zinazopenda volti, Samsung B-die ndiyo maarufu, ukiiongezea inakuruhusu kubana CL na tRCD. Kuna nyingine, kama Micron E-die, CL inashuka ila tRCD haijali volti kabisa. Kama hujui una chipu gani unaongeza joto bure, na umeshaona joto limemfanya nini mwenzako.

#13 · Mdau wa Njiro

Nimesoma mpaka mwisho. Bado nabaki na XMP yangu, ila leo mchana nimeipima na kadi ya picha ikiwa na kazi. Imepita.

Mleta uzi, yule mteja ilikuwaje?

#14 · Mleta uzi

Nilimpigia mama mwenyewe nikamweleza, sikumficha. Kamera ya pili ilikuwa upande wa kushoto, kadi yake sikuwa nimeifuta. Inamwonyesha yeye kwa ubavu na uso wa binti wazi kabisa. Nimeiweka hapo kwa zile sekunde tatu na sauti ni ileile ya mwanzo. Amekuja jana kuiangalia, akaomba nirudie kipande hicho mara mbili.

Kadi za kamera sasa naziacha bila kufutwa mpaka nilinganishe faili la kwenye kadi na nakala yake, biti kwa biti.